Mwanangu wa miaka 14 anatishiwa kwa picha mtandaoni, amepewa hadi saa 2 asubuhi. Nifanye nini?

MamaKitindamimba, saa 5:52 usiku

Habari za usiku wanajukwaa. Naandika nikiwa nimekaa sakafuni, mgongo nimeuegemeza kwenye mlango wa chumba cha mwanangu, kwa hiyo mnisamehe nikirukaruka.

Ni mtoto wangu wa mwisho, wa kiume, ana miaka 14. Wiki hii alinijia mara mbili kuomba hela ya madaftari. Mara ya kwanza nilimpa. Mara ya pili nilifungua begi lake nikakuta madaftari matatu mapya, hata jina hajaandika. Sikumuuliza. Nilijiambia ni mambo ya umri. Leo saa 3 usiku nikaenda kumwambia alale. Taa alikuwa ameshazima, lakini chini ya shuka kulikuwa na mwanga na shuka linatikisika. Nilidhani anacheka. Kumbe analia, ameuma kona ya mto tusimsikie.

Ilipita zaidi ya saa nzima ndipo akanipa simu. Kuna msichana, au mtu aliyejiita msichana, alimwomba urafiki Jumapili kwenye mtandao mmoja wa picha. Profaili ina picha za binti wa rika lake, na marafiki 11 wanaofahamiana, wote wa shuleni kwake. Nani angeshtuka? Jioni ile ile akamwambia wahamie programu nyingine ya kuchati kwa sababu "huku mama yangu anapekua". Akatangulia yeye kutuma picha. Kisha akamwomba na yeye atume. Mwanangu akatuma.

Hazikupita dakika kumi. Lugha ikabadilika palepale, kutoka utani wa kitoto ikawa Kiswahili kigumu kama kilichopitishwa kwenye mashine ya kutafsiri. Akarudishiwa picha yake mwenyewe, pembeni yake kumebandikwa orodha ya majina ya watu wake. Jina langu ni la tatu.

Alilipa. Alitoa akiba yake yote akaongeza na ile hela yangu ya madaftari. Baada ya hapo kiasi kikawa mara mbili. Sasa kila saa unaingia ujumbe: "zimebaki saa 10", "zimebaki saa 9". Mwisho ni saa 2 asubuhi.

Baba yake ameishika simu, anataka kuivunja. Mjomba wake nimempigia, anasema lipeni yaishe. Mimi naogopa kwenda polisi wakaja kumshika mwanangu, kwa kuwa picha aliipiga mwenyewe. Na kuna jambo linaniuma kuliko yote: neno la kwanza lililonitoka lilikuwa "Kwa nini umefanya hivi?" Akageukia ukutani. Tangu hapo hajasema kitu.

Tulipe au tusilipe? Na nikirudi mle ndani nianzie wapi?

DadaWaZamu, saa 6:09 usiku

Pole sana mama. Nimekaa miaka tisa kwenye simu ya msaada kwa watoto, na ulichokieleza nimekisikia kwa mpangilio huo huo mara nyingi mno: urafiki, kuhama programu, picha ya kwanza inatoka kwao, halafu vitisho. Huyo si binti. Mara nyingi ni watu wazima wanaofanya kazi hiyo kwa kikundi, na picha za huyo "binti" ziliibwa kwa mtoto mwingine. Wale marafiki 11 ndiyo ngazi aliyopandia: mmoja alikubali urafiki, wa pili akaona mwenzake yumo naye akakubali.

Msilipe. Umeshaona mwenyewe kilichotokea alipolipa. Kwake yeye anayelipa ni mtu aliyethibitisha kwamba anaogopa na kwamba ana pa kuchota.

Lakini kabla ya hilo, rudi chumbani. Usiku huu asilale peke yake. Leta godoro, lala naye, na dawa zote za nyumbani na chochote kinachoweza kumdhuru kiwe mbali naye. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, na wenzao walipohesabu taarifa za aina hii kuanzia Oktoba 2021 hadi Machi 2023, walipata watoto wasiopungua 12,600 waliotishiwa hivi kwa ajili ya fedha, wengi wao wavulana, na waliojiua si chini ya 20. Nakwambia hili usiku huu, mama, kwa sababu kuna baba na mama waliodhani mtoto ameshalala.

Neno la kuanzia unalo. Mwambie: "Mwanangu, nilivyouliza nilikosea. Aliyefanya kosa ni yule mtu. Mimi na baba yako tuko upande wako, na hili tunalibeba sisi." Halafu nyamaza, hata kama hajibu. Usimwombe akueleze picha ilikuwaje. Hilo hulihitaji.

Kuhusu simu, mzee asiivunje tafadhali. Ndani yake ndimo ulimo ushahidi wote. Acheni kujibu kabisa, hata tusi, hata "tunakwenda polisi". Pigeni picha za skrini za vitisho, maagizo ya malipo, na ukurasa wa profaili. Jina linaloonekana juu hubadilishwa kwa sekunde moja, kwa hiyo andikeni pembeni jina la mtumiaji na kiungo cha profaili, vya akaunti zote mbili, ya kule walikoanzia na ya kule walikohamia. Risiti za fedha alizotuma zitunzeni. Mkimaliza, ripotini akaunti hiyo ndani ya programu yenyewe, mkichagua sababu inayohusu mtoto, kisha ndipo mumzuie. Msianze na kumzuia, kwenye baadhi ya programu mazungumzo hupotea. Na msifute akaunti ya mtoto.

Jambo moja ambalo wazazi wenye nia njema hukosea: picha ya mtoto msimtumie mtu yeyote. Si mjomba, si mwalimu, hata polisi msiwatumie kwa ujumbe. Katika nchi nyingi kuisambaza ni kosa hata kama nia ni kutoa ushahidi. Wapelekeeni simu yenyewe, wataiona humo.

Polisi nendeni kukikucha, muombe ofisa anayeshughulikia watoto. Hofu yako naielewa. Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa ilisema mwaka 2021, katika Maoni ya Jumla namba 25, kwamba watoto wasihesabiwe wahalifu kwa picha walizojipiga wenyewe wakazimiliki na kuzipeana kwa hiari kwa matumizi yao binafsi. Mwanao hata hiari hana, amelaghaiwa. Sheria za nchi hazifanani, kwa hiyo pigeni kwanza simu ya msaada kwa watoto ya nchini kwenu mkiweza, wawaongoze mlango wa kuingilia.

Na ile hesabu ya saa, huo ni mjeledi tu. Muda huu huenda anachati na watoto wengine kumi kwa maneno yale yale.

BabaMsimamo, saa 6:31 usiku

Mimi nitasema ambacho wengine hawasemi. Mtoto wa miaka 14 ana simu chumbani usiku ya nini? Mnyang'anyeni, asiguse simu mpaka amalize shule, na aadhibiwe ajue uzito wa alichofanya. Tukiwabembeleza hivi, kesho atarudia.

NilikuwaNaKumiNaTano, saa 6:48 usiku

Baba, naomba nikujibu kwa heshima, maana nilikuwa huyo mtoto. Sasa nina miaka 22.

Nililipa mara nne. Mara ya tatu niliuza viatu vyangu vya mpira, nikasema nimeibiwa. Muda wote huo nilikuwa na watu wazima watano wanaonipenda, chini ya paa moja, na hakuna niliyemwambia. Unajua kwa nini? Kwa sababu miezi michache kabla, tukiwa wote sebuleni, kulitangazwa habari ya binti ambaye picha zake zilisambaa. Baba yangu akasema, "Angekuwa wangu, angenitambua." Alisema mara moja tu, akaendelea kula. Mimi nililibeba neno lile kama hukumu yangu iliyokwisha kusomwa.

Yule mtu alijua hilo. Aliniandikia: "Mwambie baba yako, uone atamshika nani kwanza." Hakumjua baba yangu. Hakuhitaji kumjua. Adhabu unayoisema ndiyo silaha yake, na sisi wenyewe ndio tunaomwachia mlangoni.

Aliyeniokoa ni shangazi. Aliniona sili, akanikuta uani, akakaa pale chini na nguo zake za kazini, akasema: "Sijui ni nini, lakini hata kiwe nini, nitakaa hapa." Tulikaa mpaka kukawa giza. Nikasema. Hakushtuka usoni, na mpaka leo namshukuru kwa uso ule, maana nilikuwa namtazama usoni tu, maneno hata sikuyasikia. Akachukua simu, akaacha kujibu kwa niaba yangu. Vitisho vikaja siku tatu mfululizo, vikapungua, vikakoma. Sisemi kwa kila mtu huwa hivyo. Kwangu ilikuwa hivyo.

Mama, usimnyang'anye simu kama adhabu. Mwambie unaishika ili asiendelee kuona zile jumbe, na mwonyeshe utakapoiweka. Kunyang'anywa na kutuliwa mzigo ni vitu viwili tofauti, na mtoto anavitofautisha.

MamaKitindamimba, saa 7:15 usiku

Nimeingia. Nimemwambia kama alivyoandika DadaWaZamu, karibu neno kwa neno, maana langu lilikuwa limekauka. Hakugeuka. Nikalala kwenye godoro chini. Baadaye sana mkono wake ukateremka kutoka kitandani, nikaushika. Bado nimeushika, naandika kwa mmoja.

Baba yake yuko mezani ananakili jina la mtumiaji na kiungo kwenye mojawapo ya yale madaftari mapya. Anaandika polepole, herufi moja moja, miwani puani.

MamaKitindamimba, saa 2:41 asubuhi

Saa 2 imepita. Tumeshatoa ripoti, tumemzuia. Saa 2 na dakika 20 mama wa mwanafunzi mwenzake kanipigia, mwanawe ametumiwa ile picha na akaunti asiyoifahamu. Mpaka sasa tunajua wawili walioipata. Yule mama alikuwa na aibu kuliko mimi, lakini alifanya vizuri: kaniambia, kamwambia mwanawe aripoti na asimpe mtu. Mwanangu nimemwambia ukweli, kwamba wawili wameiona. Nilitaka kumficha, baba yake ndiye aliyekataa.

Tunatoka kwenda polisi. Nauliza tu: picha ikishaenda, kuna namna ya kuizuia isiendelee kuzagaa, au ndiyo basi?

FundiMitambo, saa 3:05 asubuhi

Sio ndiyo basi, mama. Kazi yangu ni mifumo ya kompyuta, hapa ndipo naweza kusaidia.

Kuna huduma ya bure inaitwa Take It Down, inaendeshwa na kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, NCMEC. Ilifunguliwa mwaka 2023, na mtu wa nchi yoyote anaweza kuitumia kama aliye kwenye picha alikuwa chini ya miaka 18 ilipopigwa. Hawaulizi jina.

Watu wengi huogopa wakisikia "peleka picha", kwa hiyo nieleze inavyofanya kazi. Picha haiondoki kwenye simu yenu. Unaichagua, na simu yenyewe inaikokotoa na kutoa mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu. Huo tuuite alama ya kidole ya picha. Kwa alama hiyo huwezi kuirudisha picha, kama ambavyo alama ya kidole haikuonyeshi sura ya mtu. Inayokwenda NCMEC ni alama peke yake. Kampuni za mitandao zilizojiunga na mpango huo huichukua, na kwao ikipita picha yenye alama hiyo hiyo wanaweza kuiona na kuiondoa. Wazo lenyewe si geni. Mwaka 2009 Microsoft na Profesa Hany Farid wa Chuo cha Dartmouth, Marekani, walitengeneza programu inayoitwa PhotoDNA kwa kazi ya namna hii, kutambua picha za unyanyasaji wa watoto zilizokwisha kujulikana zisirudi tena na tena.

Mambo matatu yawafae. La kwanza, mnahitaji faili lenyewe. Kama mtoto aliifuta kwa hofu, na wengi hufuta, tazameni kwenye kikapu cha picha zilizofutwa, simu nyingi hukaa nazo siku kama 30. La pili, picha ikikatwa au ikibandikwa maandishi inahesabika ni picha nyingine yenye alama nyingine. Umesema huyu mtu aliirudisha ikiwa na orodha ya majina pembeni. Basi hiyo nayo ipitisheni, kama ipo kwenye simu, kwa sababu huenda ndiyo anayoisambaza. La tatu nisikufiche: huduma hii inafika kwenye kurasa za wazi na majukwaa yasiyofungwa kwa usimbaji, yaani kufungwa kwa ujumbe ili wausome mtumaji na mpokeaji tu. Kwenye jumbe zilizosimbwa mwanzo hadi mwisho, kampuni haioni kilichomo, kwa hiyo huko tegemeeni waliopokea kuripoti na kufuta.

Mwacheni mtoto mwenyewe abonyeze, ninyi mkiwa pembeni. Wala hamna haja ya kuitazama picha, akiwa anaweza kuichagua mwenyewe.

Mkikuta imewekwa kwenye tovuti, kuna mtandao wa vituo vya kupokea taarifa unaitwa INHOPE, ulianza 1999 na una vituo katika nchi nyingi. Ripotini anwani ya ukurasa. Msipakue kitu.

DadaWaZamu, saa 3:30 asubuhi

Nakazia ya fundi. Na mama, mkiwa polisi mtasikia labda mtu akiita "ponografia ya watoto". Sisi tulioko kwenye kazi hii tumeliacha jina hilo, tunasema picha za unyanyasaji wa kingono kwa mtoto, na miongozo ya kimataifa ya Luxembourg ya mwaka 2016 inashauri hivyo. Sibishanii neno kwa kupenda kubisha. Jina la kwanza linamfanya mtoto aonekane mshiriki. Mwanao atakuwa amekaa pale anasikia.

MamaKitindamimba, siku tisa baadaye

Nimerudi kuwapa habari, maana wengi mmenitumia ujumbe.

Polisi yule wa mapokezi alianza vibaya, aliuliza kwa sauti mbele ya watu. Baba yake akamsogelea akamwambia taratibu, "Tunaomba chumba." Tukapewa. Ndani tulikuta ofisa aliyejua kazi yake. Alimuuliza mwanangu anapenda somo gani kabla ya kumuuliza lolote. Daftari la baba yake lilisaidia sana. Ofisa alisema watu wengi huja na jina tu, na jina peke yake halimfikishi popote. Wamepiga nakala, wamechukua risiti, faili limefunguliwa. Mhusika hajajulikana.

Akaunti zote mbili zimefungwa. Ile alama ya kidole mwanangu aliifanya mwenyewe sebuleni, ya picha zote mbili, mimi nimekaa ng'ambo ya meza naangalia dirishani. Picha ya kwanza kweli alikuwa ameifuta, tukaikuta kwenye kikapu. Alipomaliza alisema, "Kumbe ni namba tu." Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza refu siku ile.

Walioipata, tunaowajua, ni wanne. Mmoja alimcheka darasani. Mwingine, yule ambaye mama yake alinipigia, alihama kiti akaenda kukaa naye, na hajarudi kwenye kiti chake mpaka leo. Na kijana wa kidato cha juu alimfuata mwanangu wakati wa mapumziko akamuuliza jina la ile akaunti. Kumbe naye anatishiwa, wiki ya tatu sasa, kwao hawajui. Mwanangu alikuja mbio akanieleza, nikamwambia amlete. Alikuja jana na begi lake, akakaa kwenye kiti kile cha karibu na mlango. Nilifanya kama alivyofanya shangazi wa kijana wetu hapo juu, nikakaa tu. Alisema baada ya nusu saa.

Kesho saa 4 asubuhi tunakwenda kwa wazazi wake, mimi na mume wangu, na kijana mwenyewe amekubali. DadaWaZamu, kama uko zamu usiku huu naomba uniandikie nianze vipi na baba yake huyo kijana, kwa sababu kijana ameniambia kinachomtisha ni baba kuliko yule mtu.